Spesa haziwezi kulifanya gari kuukuu lishike kona za Kitonga

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenye magari ya zamani wa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na mafundi wenzetu, kuhusu miguu ya gari, yaani springi, shokapu na vyuma vinavyoshika matairi. Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1996 hadi 2000, Corolla AE110 ya miaka hiyohiyo, Carina, Noah, IST ya 2002 hadi 2007: hayo ndiyo magari yanayopanda na kushuka Kitonga, Isyonje na barabara ya Chunya kila siku, na mengi bado yana bushi (mipira ya kwenye maungio ya miguu) ambazo yalitoka nazo Japani. Mwenye gari akilalamika kwamba linayumba kwenye kona, linanesa au usukani hautulii, dawa anayoiomba au anayopewa ni ileile: spesa (kipande cha kunyanyulia gari) juu ya shokapu na mpira katikati ya springi. Dawa hiyo inaongeza ugonjwa. Gari kuukuu linaweza kurudishiwa utulivu wake, na hata kuzidi lilivyotoka kiwandani, ila kazi ina mpangilio wake na spesa hazimo katika mpangilio huo.

Tuanze na hizo spesa, kwa kuwa ndizo zimeenea. Spesa inayofungwa juu, kati ya mauntingi (kishikio cha juu cha shokapu) na bodi, haibadilishi shokapu wala springi. Inasukuma mguu mzima chini. Amu ya chini, mkono wa chuma unaoshika tairi, inainama kupita kiasi, boljointi (kiungo cha tufe mwishoni mwa amu) inafanya kazi pembeni mwa kikombe chake, na draivu shafti (fimbo inayozungusha tairi) inazunguka ikiwa imepinda muda wote. Tairi likining'inia kwenye shimo, pembe hizo zinazidi kile ambacho kiwanda kilikusudia. Buti za mpira za draivu shafti zinachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, na ndani ya muda mfupi gari linaanza kulia kak-kak-kak kila usukani ukikatwa hadi mwisho. Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za matairi, nayo inaharibika siku ileile, maana tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi) haibaki katika pembe iliyopimiwa.

Ile nyingine, inayowekwa chini au juu ya springi yenyewe, ina kosa tofauti. Shokapu inakaa imerefuka hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo inakosa nafasi ya kushuka. Tairi likifika kwenye shimo, fimbo ya shokapu inagonga mwisho wake wa juu, na kila mgongano huo unaisogeza shokapu karibu na kufa. Mpira unaobanwa katikati ya springi unazuia mzunguko mmoja usifanye kazi. Springi inakuwa ngumu, mizunguko iliyobaki inabeba mzigo wote, na kwenye magari yenye kutu hapo ndipo inapokatikia.

Lakini hoja kubwa ni uzito. Chukua gari la kilo 1,200 likiwa na dereva, upana kati ya matairi ya kushoto na kulia mita 1.45, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 55 kutoka chini. Likikata kona kwa mwendo unaolisukuma kando kwa nusu ya uzito wake, kilo 228 hivi zinahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Linyanyue sentimita 5, zinakuwa kilo 248, kona ileile, mwendo uleule. Tairi la nje linaelemewa, la ndani linabaki jepesi, na mshiko wa jumla unapungua. Hesabu hiyo inafanya kazi pia gari likishuka mlima huku limefunga breki: uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi. Anayeshuka Kitonga kutoka Ilula kwenda Mahenge nyuma ya lori lililojaa, na mwingine nyuma yake anambana, hana ziada ya mshiko ya kutupa.

Tunajua kwa nini watu wananyanyua. Barabara za Makete, Ludewa na vijiji vya Rungwe zina mawe na makorongo, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) inagonga. Haja hiyo ni halali. Kama lazima gari liinuke, tafuta springi ndefu zilizotengenezwa kwa modeli hiyo pamoja na shokapu za urefu unaolingana nazo, na usivuke sentimita 2 hadi 3. Pengine bati zuri la kukinga sampu linatosha kabisa. Tairi nalo linasaidia kidogo: ukitoka 195/60R15 kwenda 195/65R15 gari linainuka sentimita 1 tu, na spidomita inaanza kudanganya kwa asilimia 3, yaani ikisoma 80 wewe uko zaidi ya 82. Hakikisha kwanza kwamba tairi halisugui fenda wala shokapu usukani ukikatwa wote.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kununua chochote kipya, ondoa kucheza. Shokapu ya bei kubwa kwenye mguu wenye bushi zilizokufa haiwezi kuonyesha kazi yake, kwa sababu tairi linachagua njia lenyewe kabla shokapu haijaanza kufanya kazi.

Inua gari, liweke kwenye stendi, usiingie chini kwa kutegemea jeki. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku unaendelea kutikisa: kucheza kukiisha, ni beringi ya tairi, kukibaki, angalia boljointi. Kisha shika kushoto na kulia. Hapo kinachocheza ni tairodi au raki endi. Kuna jambo linalopotosha mafundi wengi. Kwenye Corolla, Carina na IST, ambazo springi na shokapu ziko pamoja na kusimama juu ya nakoli (chuma kinachobeba tairi), boljointi ya chini haibebi uzito, kwa hiyo inua gari kwenye bodi na utaiona ikicheza. Kwenye Mark II mbele kuna wishiboni mbili (amu ya juu na ya chini) na springi imekaa juu ya amu ya chini. Ukiinua bodi, springi inaikandamiza amu na boljointi inabanwa isionyeshe ubovu wake. Hapo weka jeki chini ya amu, karibu na boljointi, ndipo utikise. Magari mengi yanaambiwa ni mazima kwa sababu tu yalipimwa yakiwa yamening'inizwa vibaya.

Bushi zipime kwa mtaimbo. Nyufa ndogo za juu juu si kitu. Tatizo ni mpira ulioachana na chuma chake, au bushi ambayo ukiisukuma kwa mtaimbo chuma cha katikati kinahama na kubaki upande mmoja. Bushi kubwa ya nyuma ya amu ya chini ndiyo ya kutazama kuliko zote. Ikifa, kila breki inapofungwa tairi linarudi nyuma kidogo, alaimenti inabadilika, na gari linavuta upande.

Boljointi iliyochomelewa au kubanwa kwa nyundo ili ikaze, kataa. Moto unaharibu ugumu wa chuma na kuyeyusha kikombe cha ndani, nyundo inaibana kwa siku chache tu. Boljointi ikichomoka, tairi linalala na gari halina usukani tena.

Kubadilisha bushi kuna kanuni mbili zinazovunjwa kila siku. Ya kwanza ni uelekeo. Bushi nyingi kubwa zina matundu kwenye mpira na alama pembeni. Matundu hayo yamewekwa ili amu ilegee upande mmoja na ikaze upande mwingine. Weka alama kwenye amu kabla hujaitoa ya zamani, na mpya iingie kwa uelekeo uleule. Tumia presi, si nyundo, na kilainishi kiwe maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida zinakula mpira.

Ya pili ndiyo inayoua bushi mpya mapema. Boliti ya bushi ya mpira haikazwi mguu ukiwa unaning'inia. Mpira umeshikana na chuma cha katikati, na chuma hicho kinabanwa na boliti kisizunguke. Ukikaza gari likiwa juu, likishuka mpira wote unajikunja na kubaki umejikunja maisha yake yote, hata gari likiwa limeegeshwa. Utachanika kabla ya wakati, na tutasikia kwamba spea za siku hizi ni mbovu. Njia sahihi: kabla ya kufungua, gari likiwa chini, pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, andika. Ukimaliza kufunga, acha boliti zikiwa zimeshikwa tu, inua amu kwa jeki hadi kipimo kile kirudi, ndipo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama springi zimebadilishwa, lishushe gari kwenye matairi yake, lisukume mbele na nyuma litulie, ukaze hapo.

Kuhusu bushi za poliyurethani, tunazipendekeza kwa stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Kwenye amu kubwa, kwa barabara zetu, mpira mzuri ni bora. Poliyurethani haimezi mtikisiko, inaupeleka kwenye krosimemba (fremu inayobeba miguu) na kwenye kichwa cha dereva, na vumbi likishaingia inaanza kulia. Anayezitumia apake grisi ya silikoni, na azifungue kuzipaka tena zikianza kelele.

Tukija kwenye shokapu: kazi yake si kubeba gari. Springi ndiyo inabeba. Shokapu inaizuia isiendelee kunesa, kwa kupitisha oili kwenye matundu madogo na kugeuza mwendo kuwa joto. Barabara ya vumbi yenye matuta madogo mfululizo inaichemsha, oili inachanganyika na gesi na kuwa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana gari linaweza kuwa tulivu mjini na kuanza kuelea baada ya mwendo wa saa moja kwenye barabara ya rafu. Kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari na kuachia kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Dalili za kuaminika zaidi ni unyevu wa oili kwenye mwili wake, tairi linalolika kwa mabonde mabonde kuzunguka uso wake, pua inayozama sana kwenye breki, na nyuma inayorukaruka ukifunga breki kwenye lami iliyochimbika.

Shokapu za mtumba kutoka Japani hatuzishauri. Ya GX100 iliyotoka na gari ina zaidi ya miaka 20, sili zake zimekauka, na huenda imelala ubavu ghalani muda mrefu. Huwezi kujua vali yake imebaki na nguvu gani, na kushoto na kulia zikitofautiana gari litakata kona moja vizuri na nyingine vibaya. Nunua mpya, za gesi, mbili kwa ekseli, kwa namba ya chasisi ya gari lako na si kwa kukadiria urefu dukani. Za mbele kwenye magari mengi zina kushoto na kulia, kwa sababu ya kishikio cha mpaipu wa breki na cha linki ya stabilaiza.

Pamoja na shokapu nunua mauntingi za juu, stopa za mpira na dasti kava. Stopa iliyosagika inaiacha shokapu igonge chuma kwa chuma, na vali ya chini inavunjika. Mauntingi iliyokwama inafanya usukani uwe mzito na usirudi wenyewe baada ya kona.

Kutoa springi ni hatua inayovunja watu mikono. Nati ya katikati ya juu ilegezwe robo mzunguko tu mguu ukiwa bado kwenye gari. Isitolewe hadi springi iwe imebanwa na vibano viwili vinavyotazamana, vikikazwa kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Uso na kifua visiwe mbele ya ncha ya springi. Usitumie bunduki ya upepo kwenye vibano. Shokapu mpya isimamishe wima, ikandamize hadi mwisho na kuiachia mara nne au tano ili hewa itoke kwenye oili, na tangu hapo isilazwe. Fimbo isishikwe kwa plaizi: mkwaruzo mmoja kwenye kromu unachana sili. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake ya chini, na mpaipu wa breki pamoja na waya wa ABS virudishwe kwenye vishikio vyao. Ukisahau hilo, tairi litausugua mpaipu hadi upasuke.

Springi zilizolala zibadilishwe, zisichomwe kwa gesi. Moto unaondoa ugumu wa chuma na springi italala tena au kukatika. Kukata mzunguko mmoja ili gari lishuke ni kosa jingine: springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikibaki na 5, ugumu unapanda kwa asilimia 20, na gari limeshuka, kwa hiyo linagonga stopa mapema. Anayetaka gari lisilale sana kwenye kona achague springi ngumu kwa asilimia 10 hadi 20 kuliko za kiwandani, si zaidi, la sivyo shokapu za kawaida zitashindwa kuzituliza. Na asichezee unene wa waya bila hesabu. Waya wa milimita 12 badala ya 11, kwa mizunguko na upana uleule, unaongeza ugumu kwa asilimia 42 hivi, kwa sababu ugumu unafuata kipeo cha nne cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo).

Kanuni hiyo ndiyo inayofanya stabilaiza iwe njia nzuri na ya bei ndogo ya kupunguza gari kulala. Kutoka milimita 22 hadi 24 ni asilimia 42 ileile, bila kugusa starehe kwenye barabara iliyonyooka. Lakini kwanza badilisha linki na bushi zake zote. Kelele ya tok-tok kwenye matuta madogo kwa mwendo mdogo mara nyingi ni linki, na stabilaiza yenye linki zilizolegea haifanyi kazi hadi gari liwe limeshalala. Kwenye gari linalovutwa na matairi ya mbele, ambalo pua yake inakataa kuingia kona, stabilaiza nene ya nyuma inasaidia. Kwenye Mark II, inayosukumwa na matairi ya nyuma, anza na ya mbele. Ukikaza nyuma peke yake, lami ya Isyonje yenye mvua na ukungu itauchukua mkia. Na anayeishi kwenye barabara za vumbi aiache ya kiwandani. Stabilaiza inaunganisha tairi la kushoto na la kulia, kwa hiyo shimo la upande mmoja linatikisa pande zote mbili.

Wanaobeba ndizi na magunia ya lumbesa kwenye Noah na magari madogo waelewe kwamba hakuna springi itakayofanya kazi vizuri gari likiwa tupu na likiwa limejaa kupita kiasi. Ukifunga springi za mzigo nyuma, gari tupu litarukaruka na kupoteza nyuma kwenye breki. Mzigo mzito uwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma, si kwenye keria.

Alaimenti inafanywa mwisho, baada ya kila kitu kukazwa, na kwa matairi manne. Magari mengi yenye miguu huru nyuma, yaani kila tairi linacheza peke yake, yana boliti za kamu za kurekebisha, na fundi asipozigusa nyuma inaweza kuwa inaangalia kando. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo cha mbele cha toe (tofauti ya upana kati ya mbele na nyuma ya matairi) kiko karibu na sifuri, kati ya milimita 0 na 2 za kuingia ndani. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Ikikosewa kwa milimita 3 kwenye tairi la kipenyo cha sentimita 60, kila tairi la mbele linaburuzwa kando mita 2 na nusu kwa kila kilomita. Kwa kilomita 300 za barabara kuu hiyo ni mita 750 za kusaga mpira, na kwenye mikondo iliyochimbwa na malori gari linahangaika kutafuta njia. Mdai fundi karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Asiyeweza kuitoa hajapima.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Joto likishuka nyuzi 10, tairi linapoteza kama psi 1 na nusu, kwa hiyo lililojazwa mchana wa joto wa Kyela litakuwa limepungua alfajiri ya baridi ya Uyole. Tarehe ya tairi iko kwenye namba nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno mazuri na mpira uliokakamaa haliwezi kuokolewa na shokapu ya aina yoyote.

Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 lirudishe gari gereji. Springi mpya hukaa chini kidogo, hivyo pima tena urefu wa fenda pande zote nne, kaza nati za matairi kwa nguvu ya Nm 103 kwa Toyota hizi, kagua boliti za amu, kisha rudia alaimenti. Fundi aliyefanya kazi hiyo aiweke ndani ya bei tangu mwanzo, na mwenye gari asikubali kuondoka bila kuandikiwa tarehe ya kurudi.

Mafundi wa miguu ya magari,
Uyole, Mbeya